Tuma Julai

Mahindi yakishapukuchuliwa, kati ya Julai na Agosti, huja kiongozi. Anaweza kuwa wa wilaya, anaweza kuwa wa mkoa, mwaka mwingine ni diwani tu aliyetumwa. Anasimama mbele ya ofisi ya kijiji na kusema maneno ambayo sisi tuliokulia Namswea tuliyakariri kabla ya jedwali la kuzidisha: wananchi msiuze chakula chote, wekeni akiba ya kaya, acheni kupikia pombe nafaka. Watu wanapiga makofi. Kesho yake magunia yanapakiwa kwenye Fuso kama kawaida.

Nimeichoka hotuba hiyo. Sisemi ni ya uongo. Kaya isiyo na chakula ndani iko hatarini, na anayebishia hilo hajawahi kuiona Februari ya Mbinga, mvua inanyesha, mahindi yako shambani yakiwa ya kijani, na sufuria haina cha kuweka. Ninachopinga ni dhana iliyojificha ndani ya hotuba, kwamba stoo ya mama yangu iko tupu mwezi wa pili kwa sababu mama yangu hajui kuhesabu. Na kinachoniuma zaidi, siku hizi hotuba hiyo haitolewi na viongozi peke yao. Tunaitoa sisi, watoto tuliosoma, kwa simu, kutoka Dodoma na Dar es Salaam na Mwanza. "Mama, si ulivuna vizuri tu? Yameenda wapi?" Kisha tunatuma hela kwa sauti ya mtu anayesamehe.

Mama anahesabu vizuri kuliko mimi, na mimi ndiye niliyesomea uhasibu. Nyumbani wanakula watu sita. Kilo mbili za unga kwa siku, zaidi kidogo wageni wakija. Hiyo inapita kilo 700 kwa mwaka, magunia saba ya kilo mia na kitu juu yake, bila mbegu, bila shangazi anayekuja na ndoo tupu, bila msiba. Haya yote anayajua bila karatasi. Ukimwamsha usiku wa manane atakwambia yamebaki madebe mangapi.

Tatizo ni kalenda. Mkulima wa milima hii huwa tajiri kwa wiki chache tu kwa mwaka, na kila anayemdai anazijua wiki hizo. Kidato cha tano wanaripoti Julai, na fomu ya kujiunga ina godoro, ndoo, jembe, fagio, rimu ya karatasi na michango ambayo majina yake hubadilika kila mwaka. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Godoro halijafutwa. Vyuo vinafungua Oktoba na Novemba. Mbolea inatakiwa iwe ndani kabla ya mvua, na hata baada ya ruzuku ya mwaka 2022, iliyoteremsha mfuko wa urea hadi shilingi 70,000 kutoka bei iliyokuwa imepita 120,000, mfuko bado ni fedha taslimu, mkononi, siku hiyo hiyo. Kuna marejesho ya kikoba. Kuna deni la dukani la tangu Machi. Wote hawa wanasubiri mahindi yakauke.

Utauliza, na kahawa je? Kahawa ndiyo ilipaswa kuyabeba haya yote. Hesabu ya Mbinga tangu zamani ni hiyo: mahindi na maharage ya tumbo, kahawa ya fedha. Lakini kahawa huchumwa kuanzia katikati ya mwaka, humenywa, huoshwa, huanikwa, hukusanywa, huuzwa mnadani, na malipo huja yakija. Nimeona mwaka ambao sehemu ya mwisho ililipwa baada ya Krismasi. Godoro lilitakiwa Julai. Gunia la mahindi lina sifa moja ambayo kahawa haina: ukilitoa nje ya mlango asubuhi, mchana una hela.

Hapo ndipo yanapoingia magoma. Msomaji wa Kagera atalitambua jambo hilo hilo kwa jina la butura. Mwezi wa pili stoo imeisha, bei ya mahindi imepanda, kahawa iko mtini. Anakuja mtu mwenye fedha, au mwenye magunia. Anakupa leo, utamlipa kahawa msimu ukifika, kwa kipimo alichokipanga yeye, na wewe huna nguvu ya kubishana kwa sababu watoto wanasikiliza mazungumzo hayo wakiwa hawajala. Serikali imeyapiga marufuku magoma mara nyingi. Marufuku hayapikwi.

Sasa fuata mzunguko wote. Umeuza mahindi Julai kwa sababu fedha ya kahawa haijaingia. Umeishiwa Februari. Umeuza kahawa mtini ili ule. Kahawa imeiva na si yako. Julai imefika tena huna fedha, unauza mahindi. Magunia matatu yaliyokosekana ndani ya nyumba yamekula shamba zima la mibuni, na yatalila tena mwakani. Ndiyo maana nasema stoo si suala la jikoni. Ndiyo inayoamua kama kahawa ni yako au ni ya mwingine. Ukimtazama mzee ambaye amelima kahawa miaka 40 na bado nyumba yake ni ya nyasi, usianze kwa kumuuliza kuhusu bei ya soko la dunia. Muulize alikula nini Februari.

Najua jibu linalotolewa haraka: wanaume wanauza mahindi wanakunywa. Wapo. Sitawatetea. Lakini tuseme jambo hili sawasawa. Kwenye ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayopendeza sana kwenye picha za watalii, wanaume hufyeka majani na kuyapanga kwa miraba, kisha wanawake huyafukia kwa udongo wakichimba shimo baada ya shimo kwenye mteremko, na kupanda maharage mwezi wa tatu. Mahindi hufuata mvua za mwisho wa mwaka. Aliyeumia mgongo si anayepanga bei na mwenye Fuso. Basi ukisimama mbele ya mkutano ukasema "wananchi msiuze", umesema na nani hasa? Mwenye kuhesabu madebe anakaa nyuma na mtoto mgongoni. Anayeuza ndiye anayekupigia makofi mstari wa mbele. Wapo wanaokumbuka kwa hamu sengu, desturi ya ukoo kula pamoja kwa mzee na kumaliza mashauri hapo hapo, na ni kweli palipokuwa na sengu mtu hakulala njaa jirani akiwa ameshiba. Ila waliokaa kwenye sengu walikuwa wanaume. Wanawake walipika wakapeleka. Tukitaka kurudisha kitu, turudishe na ufunguo.

Halafu kuna jambo ambalo sisi tuliosoma hatupendi kulisikia. Mimi nilisoma kwa magunia hayo. Mkopo wa chuo ulilipa sehemu. Sehemu nyingine ilitoka Namswea juu ya lori. Wewe unayesoma hapa, kama ulitoka Mbinga, Ludewa, Mbozi au Sumbawanga, yaelekea na wewe ni hivyo hivyo. Tulikula stoo za nyumbani zikiwa na sura ya ada, nauli, kompyuta ya mkononi iliyotumika. Kumuuliza mama yameenda wapi ni kumuuliza swali ambalo jibu lake limekaa ofisini Dodoma limevaa kitambulisho shingoni.

Labda unafikiri natia chumvi, kwamba zama za njaa zimepita na taifa lina hifadhi. Kusini tuna historia ndefu ya kujua thamani ya chakula kilichomo ndani ya nyumba, na tuliifundishwa na maadui. Wamatengo walikwea milima hii karne ya 19 wakikimbia uvamizi wa Wangoni, na ngoro ni ujuzi wa watu waliolazimika kushiba kwenye miteremko bila kushuka bondeni. Vita vya Majimaji vilipoenea kusini kuanzia 1905, Wajerumani hawakushinda kwa bunduki peke yake. Walichoma mashamba na maghala. Njaa iliyofuata Ungoni iliitwa fugufugu, na wanahistoria wamekadiria kuwa vita na njaa hiyo viliua watu kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa hawakushika silaha. Anayetaka kumpigisha mtu magoti huanza na ghala. Mwenye magoma anajua hilo bila kusoma historia.

Na kizazi cha bibi zetu kilijifunza pia kuiogopa stoo iliyojaa. Machi 1983 ilipoanza operesheni ya wahujumu uchumi, watu walimwaga sukari na kutupa vitenge wasikutwe navyo. Mpaka kati ya mtunza akiba na mlanguzi ulikuwa macho ya jirani. Nadhani hofu hiyo haijaisha. Bado tunamtazama mwanamke mwenye magunia kumi ndani kana kwamba ameficha kitu.

Ama hifadhi ya taifa, ipo, na ni kubwa. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ulioanzishwa 2008, hununua mahindi Ruvuma kila msimu. Mwaka 2024, ukame wa El Niño ulipoikausha Zambia, wakala huo uliingia mkataba wa kuwauzia tani 650,000. Nililisikia tangazo hilo nikajivuna, kwa nini nisijivune? Ni mahindi ya kwetu. Lakini ghala la taifa lililojaa na stoo ya nyumbani iliyojaa ni mambo mawili. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa watoto chini ya miaka mitano nchini ni asilimia 30. Iringa ni 57. Njombe na Rukwa ni kama 50 kila mmoja. Ruvuma ni 36. Yasome tena majina hayo. Ni mikoa ile ile inayolisha nchi. Udumavu una sababu nyingi, nakubali, na ugali mtupu ni mojawapo. Lakini huwezi kunishawishi kwamba mikoa minne iliyojaa mahindi ina akina mama wajinga kuliko mikoa mingine yote.

Wakulima wanajua kwamba bei hupanda. Wachumi watatu, Marshall Burke, Lauren Falcao Bergquist na Edward Miguel, waliwafuatilia wakulima wa mahindi magharibi mwa Kenya na kuchapisha matokeo mwaka 2019. Waliopewa mkopo wakati wa mavuno waliuza kidogo bei ilipokuwa chini na zaidi ilipopanda, na walinunua kidogo msimu wa njaa. Hawakuhitaji hotuba. Walihitaji mtu wa kuwashikia mlango wadai wapite. Na mkopo uliotolewa karibu na mavuno ulisaidia kuliko ule uliotolewa miezi mitatu baadaye. Niger, wakulima huweka uwele wao kwenye ghala la pamoja lenye kufuli mbili, wanakopa kwa dhamana yake, wanaukomboa bei ikipanda. Sisi tuna stakabadhi ghalani kwa sheria ya mwaka 2005, na imetumika sana kwa mazao ya kuuza nje. Kwa gunia la mahindi la mama wa Namswea, bado. Kiongozi anayekuja na hotuba mwakani aje na hilo, nami nitapiga makofi.

Lakini sitamsubiri, na wewe usimsubiri.

Chukua hesabu rahisi. Bei hubadilika mwaka hadi mwaka, basi tuseme gunia Julai ni 50,000 na Februari ni 90,000. Unatuma 180,000 Februari baada ya mama kupiga simu ya aibu. Ananunua magunia mawili. Hela hiyo hiyo ungeituma Julai, ingezuia magunia matatu na nusu yasitoke mlangoni. Hujaongeza hata senti. Umebadilisha mwezi. Juu ya hapo, mama hajapiga simu ya aibu, na kahawa iko mtini ikiwa bado ya kwake.

Utasema mshahara wako hauna Julai. Hakuna mshahara wenye Julai. Sisi tuko wanne. Tulianza kuweka 15,000 kila mwezi kuanzia Agosti, kila mmoja kwenye simu yake, na mwaka ukizunguka ni 180,000 kwa kichwa. Wewe unayejaza kabati lako la Sinza tambi na mafuta kwa sababu mwanzoni mwa 2024 sukari ilipotea ukapata hofu, sikucheki. Ulikuwa na hofu ya haki. Hofu hiyo hiyo ipeleke nyumbani, ambako bado haina kabati.

Utasema hela ya Julai italiwa. Basi usitume hela ya chakula. Lipa deni. Muulize mama ni nani anayekuja kuchukua gunia mwaka huu, kisha umlipe huyo: nunua godoro la mdogo wako wewe mwenyewe, mlipe wakala wa mbolea, malizia marejesho ya kikoba. Chakula chenyewe kipo tayari. Unachonunua ni utulivu wa kutokiuza.

Na kama ni mwaka wa bei kuanguka? Ulikuwepo 2017. Serikali ilizuia mahindi yasiende nje, bei Nyanda za Juu Kusini ikaporomoka, na waliokuwa wameweka ili wauze baadaye walilia. Nakubali kabisa, anayeweka ili auze anacheza kamari. Lakini gunia la kula halikupata hasara mwaka huo. Liliingia mashineni likatoka unga.

Sasa, gunia lililobaki lazima libaki. Wanaosema akiba haiozi hawajakutana na dumuzi. Mdudu huyu alitoka Amerika ya Kati, akaonekana kwetu kwanza Tabora miaka ya mwanzo ya 1980, na wakulima wakampa jina la Skania, kama lori. Mhindi uliowekwa Agosti, ukiufungua Desemba, unga umeshasagwa bila mashine. Mbegu za chotara tunazopanda sasa zinazaa sana lakini maganda mengi hayafuniki vizuri ncha ya gunzi kama ya zamani, na moshi wa dari la jikoni uliomtosha bibi hautoshi tena. Kwa hiyo hata yule asiyedaiwa na mtu alikuwa na sababu ya kuuza mapema: aliuza kabla mdudu hajala. Dawa ya unga ipo, watu wanaichanganya kwa kukisia, na mimi siipendi karibu na chakula cha watoto.

Mfuko wa PICS ni jambo la akili sana kwa kitu cha bei hiyo; mara ya mwisho nilinunua kwa kama shilingi 5,000. Ni mifuko miwili ya plastiki nzito ndani ya kiroba kimoja. Ulibuniwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde za Kamerun. Unafunga kila tabaka peke yake, wadudu walioko ndani wanamaliza hewa, wanakufa. Hakuna dawa. Ila mahindi yawe makavu kweli, maana ukifungia unyevu umefungia ukungu, na sumukuvu si hadithi: mwaka 2016 iliua takriban watu 20 Dodoma na Manyara. Kipimo cha nyumbani ni chupa ya kioo iliyo kavu. Tia mahindi, tia chumvi kavu kidogo, tikisa, subiri dakika kama kumi. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha juani.

Wala stoo isiwe mahindi matupu. Watu wa ufukweni, Liuli hadi Mbamba Bay, wana akili ambayo sisi wa mlimani tunaidharau bure. Muhogo wao unakaa ardhini hadi utakapohitajika, na hakuna Fuso inayoweza kupakia shamba ambalo halijang'olewa. Wana usipa waliokaushwa mchangani. Mfuko wa PICS mmoja wa maharage, kiroba cha usipa, mistari michache ya muhogo nyuma ya nyumba, na ile asilimia 36 ingeanza kusogea.

Nilipompigia mama Juni nimuulize anahitaji mifuko mingapi mwaka huu, alisema minane. Kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Na kufuli." Nilinunua Mbinga mjini, lenye funguo mbili. Kaka yangu aliuliza ufunguo wa pili atapewa nani. Ziko kwake zote mbili.